Contra ya Nyumbani Iliishinda Contra ya Sarafu

Leo nazungumzia gemu. Najua wako wazee watakaosema hilo ni jambo la watoto, na ninawaomba waniazime sikio hata hivyo, kwa kuwa watoto walioicheza gemu hii sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Gemu yenyewe ni Contra: wanaume wawili vifua wazi, bunduki mkononi, wanakimbia msituni wakipiga risasi kila upande. Mwaka wa tisini na kitu na mwanzoni mwa elfu mbili, ukipita karibu na nyumba yenye runinga ukasikia ule muziki wa kwanza wa haraka haraka, ulijua ndani kuna watoto kumi na padi mbili.

Nimeirudia hivi karibuni. Nimeicheza ile tuliyoijua sisi, kisha nikaicheza ile iliyoitangulia, ya mashine ya kutia sarafu, moja baada ya nyingine, kwa utulivu. Na nimetoka na hukumu ambayo nitaitetea mbele ya yeyote: toleo la nyumbani ndilo lililo bora. Watu wanaoandika historia ya gemu huanza na dhana kwamba toleo la nyumbani ni kivuli cha lile la ukumbi wa mashine za sarafu, limepunguzwa rangi, limepunguzwa sauti, limekatwa miguu. Kwa gemu nyingi za miaka ile wanasema kweli. Kwa Contra wanakosea, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na ile ya sarafu. Kampuni ya Konami ya Japani iliitoa Februari 1987. Kabati refu la kusimama, kioo ndani yake, na kila mchezaji ana kijiti cha kuongozea na vitufe viwili, kimoja cha risasi na kingine cha kuruka. Unatia sarafu, unacheza, unakufa, unatia nyingine. Biashara nzima ya mashine hizo ilisimama juu ya kifo cha mchezaji. Mwenye ukumbi hakupata riziki kwa kuwa ulicheza vizuri. Alipata kwa kuwa ulishindwa mapema. Ndiyo maana risasi moja tu inakuua. Ndiyo maana pia, kwenye zile leveli za ndani ya ngome, unapoingia chumba baada ya chumba ukivunja kuta, kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Ukichelewa umekwisha, hata kama hakuna adui aliyekugusa.

Sisi wa Mutomo, Kitui, hatukuijua mashine hiyo. Mashine ya sarafu iliyokuja kuenea kwenye vituo vyetu vya biashara, miaka mingi baadaye, ilikuwa ya kamari, mpaka serikali ilipoanza kuzikusanya na kuziteketeza mwaka 2018. Ile haikuwa na ustadi wowote wa kujifunza. Mtoto aliyeichezea kwa mwaka mzima hakuwa hodari kuliko aliyeanza jana. Contra, hata ile ya ukumbini yenye tamaa ya sarafu, inakulipa kwa mazoezi. Naona ni vyema tofauti hiyo ikae wazi kabla hatujaendelea, kwa sababu wazazi wengi waliziweka mashine zote kapu moja.

Sasa ifikirie kazi waliyopewa mafundi wa Konami. Waichukue gemu ya kabati lile waitie kwenye Famicom, mashine ndogo ya Nintendo iliyoanza kuuzwa Japani Julai 1983, ambayo nje ya Japani inajulikana kama NES. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Inaweza kuonyesha vipande 64 vya picha zinazotembea, na katika mstari mmoja wa kioo haiwezi kuonyesha zaidi ya 8. Ukiona risasi za Contra zinawaka na kuzima, zinatoweka na kurudi, ni kwa sababu mstari umejaa na mashine inaonyesha hizi kwa zamu na hizi. Wengi wetu tulidhani runinga imeanza kuharibika.

Na tatizo kubwa kuliko yote lilikuwa umbo la kioo. Kioo cha mashine ya sarafu kilisimamishwa wima, kirefu kwenda juu na chembamba kwa upana. Runinga ya nyumbani imelala. Huwezi kuihamisha picha kama ilivyo. Ni sawa na fundi cherehani aliyeletewa suti ya mtu mrefu mwembamba akaambiwa amshonee mtu mfupi mpana: akikunja pindo tu, ameharibu kitambaa. Inabidi afumue yote na kukata upya.

Mafundi wa Konami walifumua. Toleo la nyumbani likatoka Februari 1988, mwaka mmoja baada ya lile la ukumbini, na ukiyaweka mawili pamoja unaona kila mahali mkasi ulipopita. Msitu wa leveli ya kwanza ulikuwa umebanwa kwenye kioo chembamba, adui anachomoza ukingoni na tayari yuko mbele ya pua yako. Nyumbani, kioo kimelala, unaona mbali mbele yako, una nafasi ya kuamua: niruke, nilale chini, au nipige kimshazari? Gemu ya kukimbia kwenda kulia inahitaji upana. Nathubutu kusema kwamba Contra ilizaliwa kwenye kioo kisichoifaa, ikapata kioo chake ilipofika nyumbani.

Hawakuishia hapo. Saa ya ndani ya ngome wakaiondoa. Sehemu za mwisho, ambazo ukumbini zilikwenda mfululizo bila kituo, wakazitenganisha na kuzirefusha, kila moja ikawa na sura yake: uwanja wa theluji, kiwanda chenye miale ya moto, handaki la magari ya chuma, na mwisho lile tumbo la jitu la angani lenye moyo unaopiga. Jumla leveli 8. Silaha nazo, ambazo ukumbini zilichorwa kama picha za bunduki, wakaziwekea nembo yenye mabawa na herufi katikati. M, F, L, R, B, na ile S ambayo watoto walipigania kuliko chapati ya mwisho sahanini.

Hizo herufi zilitufaa sisi kuliko walivyokusudia. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa na runinga ya Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Rangi zote za Contra zilipotea. Ile suruali ya buluu ya Bill na ile nyekundu ya Lance, wale wanaume wetu wawili, zilikuwa kijivu na kijivu, na ubishi wa nani ni nani ulianza kabla ya risasi ya kwanza. Lakini S inabaki S hata bila rangi. Kama Konami wangeziacha zile picha ndogo za bunduki, zote zingefanana kwenye kioo cha Great Wall.

Sauti pia ilifumuliwa. Muziki wa ukumbini ulitungwa na Kazuki Muraoka. Nyumbani ulipangwa upya na Hidenori Maezawa na Kiyohiro Sada, kwa mashine yenye njia 5 tu za sauti, ambazo milio ya bunduki na milipuko inazigombania pamoja na wimbo. Sikiliza vizuri utasikia wimbo unapokonywa kipande kidogo kila bomu linapolipuka, kisha unakirudia. Wangeweza kuandika wimbo mwepesi usio na cha kupoteza. Waliandika wimbo wenye nguvu ambao hata ukikatwa haukatiki, na ndiyo maana mtu wa miaka arobaini leo anaweza kuupiga kwa mdomo bila kukosea.

Msikilizaji, mashine zenyewe tulizochezea hazikuwa za Nintendo, na hili tuseme wazi. Zilikuwa nakala zilizotengenezwa Taiwan na China, nyingi zikitumia chipu za kuigiza Famicom kama zile za kampuni ya UMC ya Taiwan, na kaseti zake zilinakiliwa bila ruhusa ya mtu. Konami haikupata hata senti kwa Contra ya Mutomo. Mafundi wale walistahili malipo yao, sisemi kinyume. Lakini hapakuwa na duka lililotuuzia ile halali, na nakala ile ndiyo iliyotufikisha kwenye kazi yao.

Tena ilifika kwa safari. Mtu anatoka Mombasa au Nairobi, anashukia Kibwezi, anatafuta gari la kupita Ikutha hadi Mutomo kwenye barabara ya vumbi, boksi amelipakata mapajani. Lami ya leo haikuwepo. Akifika, stima ilikuwa ya wachache waliokaa karibu na soko. Wengine waliendesha runinga kwa betri ya gari, na betri hiyo ilipelekwa kuchajiwa kituoni, kwa punda au kwa baiskeli. Chaji ilikuwa na bajeti yake: taarifa ya habari ya baba, mpira wa Jumapili, na kinachobaki ndicho cha gemu. Konsoli yenyewe ilirusha picha kwa waya wa antena, kwa hiyo ulizungusha kitufe cha stesheni polepole katikati ya chenga mpaka jina la Contra lilipojitokeza. Mwenye mkono wa kulipata haraka aliheshimika kuliko mchezaji.

Katika hali hiyo, kwamba gemu inachezwa na watu wawili kwa pamoja lilikuwa jambo kubwa sana. Gemu nyingi za kaseti zile zilikuwa za zamu: mmoja anacheza, wa pili anasubiri afe. Contra iliwaweka wawili kioo kimoja, dakika moja, hatari moja. Betri ile ile iliwatosha watoto mara mbili. Ukimaliza maisha yako matatu na nafasi zako za kurudia, padi inakwenda kwa anayefuata, na anayefuata amekuwa akikutazama muda wote, anajua kila kosa lako.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye leveli ya tatu, maporomoko ya maji. Ile ndiyo leveli pekee inayopanda badala ya kwenda kulia. Mawe makubwa yanaporomoka kutoka juu, nanyi mnaruka kutoka jabali hadi jabali. Kioo cha ukumbini, kilichosimama wima, kingeifaa sana leveli hii; runinga iliyolala inaonyesha sehemu fupi ya mlima. Kioo kinamfuata aliye juu. Aliye chini, kama amechelewa, ukingo wa chini wa kioo unampita, na gemu inahesabu kwamba ameanguka, amekufa. Mwenzako ndiye aliyekuua. Hakukupiga risasi, aliruka tu.

Hakuna aliyecheza Contra asiyejua ugomvi wa pale. Nimeona ndugu wawili wakiachia padi na kutosemezana mpaka chakula cha jioni kwa sababu ya jabali moja. Lakini nimeona pia jinsi watoto walivyojipangia sheria bila mtu mzima kuwafundisha. Hakuna kuruka kabla mwenzako hajasema tayari. Mwenye S anakwenda mbele kufyeka, asiye nayo anafuata. Nembo mpya ikidondoka, aliyekufa mwisho ndiye anayeichukua, kwa sababu ukifa unapoteza bunduki yako na kubaki na ile ya risasi moja moja. Nyumba mbili jirani zilikuwa na sheria tofauti, na mgeni alilazimika kuzijifunza kabla ya kupewa padi. Leveli ambayo runinga iliiharibu ndiyo iliyotufundisha kungojana. Nimeicheza leveli hiyo kwenye toleo la ukumbini, mlima unaonekana mrefu zaidi, na ule mvutano haupo kwa kiasi kile.

Kuhusu ile namba ya siri, wengi wenu vidole vyenu bado vinaikumbuka: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha Start. Maisha 30. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, na hakuibuni kwa ajili ya Contra. Alikuwa akiitoa gemu nyingine ya risasi, Gradius, kutoka mashine ya sarafu kwenda Famicom mwaka 1986, akaiona ngumu mno kuijaribu, akajiwekea njia ya mkato, na njia hiyo ikabaki ndani gemu ilipotoka. Hashimoto alifariki Februari 2020. Fikiria namba hiyo ilivyosafiri. Hapakuwa na intaneti, wala kijitabu cha maelekezo ndani ya boksi. Ilipita mdomo kwa mdomo, shule za bweni zikiwa ndiyo njia kuu: mtoto anarudi likizo na habari aliyoipata kwa mwenzake wa Machakos au Voi, na kijiji kizima kinavuka maporomoko kwa mara ya kwanza.

Nirudi kwenye kuirudia kwangu. Mwaka 2019 Konami ilitoa mkusanyiko wa kuadhimisha gemu zake za Contra, na humo lipo toleo la ukumbini na lipo la nyumbani. Nilipoanza leveli ya kwanza nilihisi jambo lisilo sawa. Gemu ilinikimbia. Adui walikuja mapema, muziki ulikwenda mbio. Sababu yake iko kwenye runinga. Kenya ilifuata mfumo wa PAL, ambao huchora picha 50 kwa sekunde, na mashine nyingi za kunakili zilizotengenezwa kwa nchi za PAL zilifuata hesabu hiyo. Japani na Marekani ni picha 60. Contra hutembea kwa kuhesabu picha, kwa hiyo kinachochukua dakika moja kule kilichukua sekunde 72 kwetu. Tulicheza Contra ya polepole kidogo, na masikio yetu yalizoea wimbo wa mwendo ule.

Je, hilo linaifanya yetu kuwa pungufu? Mimi nasema ilikuwa na uzuri wake. Sekunde ile ya ziada ilimpa nafasi mtoto wa miaka minane kuokoka, na kuokoka ndiko kulikomfanya aendelee. Lakini nakiri pia kwamba kwa mwendo wake halisi gemu hii ni kali zaidi, na anayetaka kujua mafundi wa Konami waliwaza nini aicheze kwa picha 60.

Yapo ya kulaumu. Leveli za ndani ya ngome zimepoteza kina chake nyumbani. Ukumbini kuta zilikuwa na uzito, kwetu ni mistari. Wahusika ni wadogo zaidi. Na ni gemu ya kuua watu, hilo halifichiki. Ulaya iliuzwa kwa jina la Probotector, binadamu wakabadilishwa kuwa roboti, kwa sababu ya masharti ya Ujerumani juu ya picha za vita mbele ya watoto. Nimeicheza hiyo pia. Gemu ni ile ile, hakuna kilichopungua katika ustadi wake, na mzazi mwenye wasiwasi anaweza kumpa mwanawe hiyo bila kujuta.

Sasa ombi langu. Kuna nyumba Kitui na Makueni ambazo bado zina konsoli hizi, juu ya kabati au kwenye gunia la vyuma vinavyosubiri mnunuzi wa skrepa. Usiiuze kwa kilo. Kaseti ikikataa, usiipulize kwa mdomo kama tulivyozoea. Mate yanaleta kutu kwenye meno yake. Chukua pamba, itie spiriti ya dukani, futa meno yale taratibu, acha yakauke. Ile runinga yenye mgongo nayo itunze. Tangu tulipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015 wengi wamezitupa, lakini runinga bapa za leo nyingi huchelewesha picha kidogo, na katika Contra kuchelewa kidogo ni kuangukia shimoni. Na kwa ile bunduki ya kuelekeza kwenye runinga, ya gemu ya kupiga bata, ndiyo kabisa, haifanyi kazi bila runinga ya zamani.

Na kwenu vijana mnaosoma kompyuta pale Chuo Kikuu cha SEKU, Kwa Vonza, au popote mlipo: chipu ya Famicom inatokana na prosesa ya 6502, ambayo maelezo yake yote yanapatikana bure na zana za kuiandikia programu ni za bure. Ifungueni Contra, ile ya NES, muone jinsi ilivyobanwa ndani ya kilobaiti 128. Kisha tuandikieni yetu, ya watu wawili kioo kimoja, inayopita kwenye mchanga wa mto Tiva na kupanda uwanda wa Yatta. Tumecheza vya kutosha misitu ya wengine.